Kiti cha Dereva

Kiti ni kitu ambacho watu wengi hukitumia bila ya kukifikiri. Mtu hufikiri kitanda chake anapokosa usingizi, na hufikiri kiatu chake kinapombana, lakini kiti hukaliwa na kusahauliwa. Wewe, msomaji, yamkini umeketi hivi sasa juu ya benchi ya darasa. Kama imekuchosha utanyoosha miguu, au utageuka upande, au utangoja kengele ilie uinuke. Tena benchi hiyo, pamoja na ugumu wake wote, ina fadhila moja kubwa: imetulia. Dereva wa lori hana kengele, na kiti chake hakitulii. Nataka kukusimulia habari za kiti kimoja cha namna hiyo, na za mtu aliyekikalia, na za kosa nililolitenda mimi mwenyewe kwa nia njema kabisa.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Nairobi. Njia hiyo ni ya kilomita karibu 480, naye aliijua kama mtu anavyoujua ua wa nyumba yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeiheshimu kazi yake kama wengine wanavyoheshimu cheo. Mwezi wa Desemba mwaka 1997, nilipokuwa na umri wa miaka 17 na shule zimefungwa, alimwomba mama ruhusa ya kunichukua niwe utingo wake kwa safari tatu. Mwaka ule ulikuwa ni mwaka wa mvua za El Niño, ambazo ziliendelea mpaka mwaka 1998 na kuharibu barabara nyingi za Kenya. Barabara ya Mombasa haikusalimika. Kutoka Mariakani hata Voi, na kutoka Voi hata Mtito Andei, tulipita juu ya lami iliyomeguka na mashimo yaliyojaa maji, na kila shimo lilikuwa na neno lake la kutuambia.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini injini yake ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa ni kiti cha dereva. Springi zake zimelegea, sponji yake imelika ikawa nyembamba kama chapati, na egemeo lake limebonyea. Mjomba alikuwa ametandika juu yake gunia lililokunjwa mara nne. Nyuma ya kiuno alikuwa ameweka kipande cha ubao kilichofungwa nguo, akakikaza kwa ukanda wa mpira wa tairi. Mimi kwa ujana wangu niliuona ubao ule nikacheka moyoni. Niliudhani ni alama ya umaskini. Sikujua kwamba ulikuwa ni alama ya akili.

Jambo nililoliona na ambalo siwezi kulisahau ni namna alivyoshuka. Tulipofika Mtito Andei alifungua mlango, akashika nguzo yake kwa mikono miwili, akateremsha mguu mmoja, akangoja, akateremsha wa pili. Kisha alisimama ameinama, mikono juu ya magoti, kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka ishirini. Nikamwuliza, "Mjomba, unaumwa?" Akanijibu, "Chuma kilichokunjwa tangu alfajiri hakinyooki kwa amri, mjomba. Nenda katazame kamba za turubai." Nikaenda. Nilipogeuka alikuwa amekwisha nyooka, anatembea kama askari, kwa sababu madereva wenzake walikuwa wakimtazama.

Mwenye lori aliombwa kiti kipya mara mbili nikiwapo. Jibu lake lilikuwa fupi: lori linakokotwa na injini, halikokotwi na kiti. Mjomba hakurudia tena maombi hayo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, nilipata kazi ya msaidizi katika karakana moja, na kwa mshahara wangu wa kwanza nilikwenda sokoni nikanunua mto wa sponji. Ulikuwa mnene wa inchi sita, tena laini hata ukiubonyeza kwa kidole kilizama chote. Nilimpelekea mjomba kwa furaha kuu. Aliupokea kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, mjomba wangu. Sasa nitakaa kama sultani." Gunia likatolewa. Ubao nao ukatolewa, maana mto ulimwinua juu hata ubao ukawa haugusi tena kiuno bali unachoma makalio. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimelipa sehemu ya deni la malezi.

Walakini maumivu hayakupungua. Yalizidi. Kwanza yalikaa kiunoni, kisha yakashuka pajani, kisha yakafika wayo wa mguu wa kushoto, ambao ndio mguu wa klachi. Mwaka 2002 mjomba aliacha kazi, akiwa na umri wa miaka 47. Kulikuwa na watu waliosema kwamba amekuwa mvivu. Mgongo hauna jeraha la kuonyesha watu, na maradhi yasiyoonekana huwa na mahakimu wengi.

Mwaka uliofuata niliingia masomo ya jioni katika chuo cha ufundi. Usiku mmoja mwalimu wetu alikuja darasani na jiwe moja na ukanda mwembamba wa mpira. Alilolifanya waweza kulifanya nawe leo, na nakusihi ulifanye, kwa kuwa jicho hufundisha upesi kuliko sikio. Fungia jiwe kwenye ncha moja ya ukanda wa mpira, nayo ncha ya pili ishike mkononi ili jiwe lining'inie. Sasa pandisha na ushushe mkono wako polepole sana. Utaona jiwe linaufuata mkono, juu na chini, kama mtumishi mtiifu. Ongeza mwendo kidogo kidogo. Itafika hatua ambapo jiwe litaanza kuruka kuliko mkono wako: wewe umesogea upana wa vidole viwili, nalo limesogea upana wa kiganja au zaidi. Hapo umefikia mwendo wake wa asili. Ongeza tena mpaka mkono utikisike upesi sana. Jambo la ajabu litatokea: mkono unatikisika, na jiwe karibu limetulia.

Mwalimu akasema, "Mkono ni sakafu ya gari. Mpira ni kiti. Jiwe ni dereva." Nami nikahisi baridi ikinipita mwilini.

Ngoja nikueleze sababu. Kila kitu kilicho juu ya springi kina mwendo wake wa asili wa kurukaruka. Mwili wa binadamu nao, ukiwa umeketi, una mwendo wake. Wataalamu wameupima wakaona kwamba mwili huitikia zaidi mtikisiko wa kwenda juu na chini wa mara 4 mpaka 6 kwa sekunde. Hapo matumbo, kifua na uti wa mgongo hucheza kuliko kiti chenyewe. Sasa kiti cha kawaida cha sponji, mtu akiwa juu yake, nacho huwa na mwendo wa asili wa karibu mara 4 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba sponji hupunguza vizuri mitetemo ya haraka ya injini, lakini ule mtikisiko wa polepole unaouchukia mgongo haupunguzi, huukuza. Mto niliomnunulia mjomba ulikuwa laini kwa mkono wangu dukani, ambapo hapakuwa na barabara. Ulipokutana na barabara ulimfanya yeye kuwa ni lile jiwe linaloruka kuliko mkono.

Utauliza, kwa nini basi mtikisiko uumize mgongo? Uti wa mgongo wako una pingili 24 zilizo huru kusogea, na kati yake mna vibonge laini ambavyo waganga huviita diski. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha katikati yake. Hupata chakula chake kwa kunyonya majimaji polepole, mzigo unapozidi na kupungua, kama sponji ya kuoshea vyombo inavyobonyezwa na kuachwa. Mtu akikaa saa nyingi bila kubadili namna, diski hubanwa isipate kupumzika. Akitikiswa juu ya hayo, misuli ya mgongo hujikaza kila mara ili kumlinda, nayo huchoka. Misuli ikichoka, mzigo huangukia pingili na diski. Hayo hayatokei kwa siku moja. Hujikusanya kama kutu.

Pana na jambo la namna ya kukaa. Mwaka 1964 Alf Nachemson wa Sweden na James Morris wa Marekani walitangaza vipimo vya shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, walivyovipata kwa kutumia sindano. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ujerumani walipima tena kwa chombo kidogo kilichowekwa ndani ya diski ya mtu mmoja wa kilo 70 aliyejitolea. Vipimo hivi havikupatana katika kila jambo, lakini vilipatana katika jambo hili: kukaa kwa kuinama mbele huzidisha shinikizo, na kuegemea nyuma hulipunguza. Katika kipimo cha mwaka 1999, mtu yule alipokuwa amesimama shinikizo lilikuwa megapaskali 0.50, alipokaa akainama mbele kabisa likapanda mpaka 0.83, alipokaa ameegemea nyuma likashuka mpaka karibu 0.3. Sasa nikumbushe tena mto wangu. Ulimwinua mjomba inchi kadhaa. Kichwa kikakaribia paa la kibanda, usukani ukawa chini mno, akalazimika kuinama. Na ule ubao wake, ambao kazi yake ilikuwa kukishika kiuno kisibonyee, ukatupwa nyuma ya kiti. Sisemi kwamba mto peke yake ndio uliomvunja mgongo. Barabara, miaka na kiti kibovu vilikwisha fanya kazi yao kabla yangu. Nasema kwamba nilinunua kitu cha kumpunguzia mzigo, nikamwongezea.

Nilikwenda kwake Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta ameketi barazani juu ya kiti cha mbao chenye egemeo la kulala kidogo, na nyuma ya kiuno ameweka kanga iliyoviringishwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza habari ya jiwe na mpira, mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kumwaibisha mtoto. "Nilijua tangu safari ya kwanza," akasema. "Sikufika hata Voi. Gunia lilikuwa likinipiga, lakini mto ulikuwa ukinirusha."

Nikamwuliza, "Basi kwa nini hukuniambia?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Ulikuja na zawadi, mjomba. Hukuja na swali."

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimeisoma methali hiyo shuleni na kuiandika katika insha nikapewa alama nzuri. Siku ile ndipo nilipoielewa. Mwenye lori hakumwuliza mjomba kwa sababu hakumjali. Mimi sikumwuliza kwa sababu nilimpenda, nikadhani mapenzi yanatosha. Nia zetu zilikuwa mbalimbali, lakini mgongo wake haukuona tofauti.

Baada ya hapo niliingia katika kazi ya kutengeneza viti vya magari, na ndiyo kazi yangu mpaka leo. Hebu nikuonyeshe jinsi kiti kizuri cha lori au cha trekta kinavyofanya kazi. Chini ya mahali pa kukalia huwekwa miguu ya chuma iliyopishana kama mkasi. Kati yake mna springi ya chuma au mfuko wa hewa, na pamoja nao chombo chembamba chenye mafuta ndani yake, ambacho huizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya pigo. Springi hiyo huchaguliwa iwe ya taratibu, hata mwendo wa asili wa kiti ushuke mpaka kati ya mara 1 na 2 kwa sekunde. Ukikumbuka jiwe lako utafahamu faida yake. Kanuni ni kwamba kiti huanza kupunguza mtikisiko pale tu unapozidi mwendo wake wa asili kwa mara 1.4 hivi. Kiti cha mara 4 huanza kusaidia karibu na mara 6, wakati mgongo umekwisha pigwa. Kiti cha mara 1.5 huanza kusaidia karibu na mara 2 tu, kabla mtikisiko haujafikia pale mgongo unapoumia.

Lakini kwa nini sponji haiwezi kufanya vivyo hivyo? Kwa sababu ya nafasi. Springi yenye mwendo wa mara 1.5 kwa sekunde hubonyea sentimita 11 kwa uzito wa mtu peke yake, kabla ya shimo lolote. Mto hauna kina hicho. Mkasi wa chuma waweza kukipata, kwa sababu springi yake hukazwa kwanza kulingana na uzito wa anayekaa, ili abaki katikati, apate nafasi ya kushuka na ya kupanda. Ndiyo maana viti hivyo vina kirungu au kitasa cha kurekebisha uzito. Dereva mzito akikaa juu ya kiti kilichorekebishwa kwa mtu mwembamba, kiti huzama mpaka chini, na kila shimo humpiga kwa kishindo kwenye kizuizi cha chuma. Kiti cha thamani kisichorekebishwa chaweza kumwumiza mtu kuliko kiti cha bei rahisi. Nimekuta madereva waliokaa miaka juu ya viti vya namna hiyo bila ya mtu kuwaonyesha kirungu kiko wapi.

Mataifa yameanza kulitambua jambo hili kwa sheria. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni yake ya kupima mitikisiko ya mwili mwaka 1974. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba mtikisiko wa siku ya kazi ya saa 8 ukifika mchapuko wa mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde, mwajiri achukue hatua, na kwamba usizidi kamwe mita 1.15. Kwetu Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi na vyombo vya kazi vinamfaa mfanyakazi. Kwa dereva, mahali pa kazi ni kiti. Mwenye lori anayenunua tairi mpya akaacha kiti kilichovunjika hajamaliza kulitengeneza gari lake.

Yamkini wewe, msomaji, siku moja utakuwa dereva. Basi vuta kiti mpaka goti libaki limekunjika kidogo unapokanyaga klachi mpaka mwisho. Lilaze egemeo nyuma kidogo kupita wima. Jaza uwazi wa kiuno kwa taulo iliyoviringishwa, kama mjomba alivyoujaza kwa ubao. Toa pochi katika mfuko wa nyuma. Punguza mwendo penye mashimo, maana mwendo wako ndio unaolipa shimo nguvu zake. Kila baada ya saa mbili shuka utembee, na usiinue mzigo mzito mara tu unaposhuka, kwani mgongo uliotoka kutikisika haujawa tayari. Na ukiwa si dereva bali mwenye magari, au mhandisi, au mtunga sheria, mambo haya yote yatakuwa mikononi mwako kuliko yalivyo mikononi mwa dereva.

Mjomba sasa ni mzee. Hakupona kabisa, lakini anatembea, na analima bustani ndogo kwa jembe la mpini mrefu alilolichonga mwenyewe ili asiiname. Dereva akija karakanani kwangu, simwonyeshi kiti kwanza. Humketisha katika gari lake mwenyewe, nikasimama mlangoni, nikamwuliza pale panapouma na lini panapoanza. Wengi hushangaa. Wengine hunyamaza kitambo kirefu kabla ya kujibu, kwa kuwa hawakuzoea kuulizwa. Nami hungoja.